Umepona titi, na kizazi je?

Kila Oktoba, utepe wa waridi wa kampeni ya kansa ya titi unapotoka Lubumbashi, meza yetu ya kupima kansa ya mlango wa kizazi hujaa kina mama ambao hawajawahi kuugua. Wale waliokwisha kutibiwa kansa ya titi wanapita na fulana ya kampeni, wanapiga picha, wanaenda zao. Ukiwaita, jibu ni moja: "Munganga, mimi nilishapona."

Mama mmoja wa Katuba alifungua mfuko wake wa plastiki mbele yangu. Rapori ya biopsi (kipande cha titi kilichopimwa), karatasi za mionzi kutoka Lusaka, zote zimepangwa kwa tarehe vizuri kuliko arshivu yetu. Nikatafuta karatasi ya mlango wa kizazi, hakuna. Miaka sita ya kufuatiliwa titi, na mlango wa kizazi haujatazamwa hata mara moja. Hapo hata sisi waganga tuna kosa.

Kipimo ni siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, tunangoja dakika moja, tunatafuta doa jeupe. Kinawafaa wanawake wa miaka 30 hadi 49. Anayeishi na VVU aanzie 25. Aliyeondolewa kizazi au kupigwa mionzi ya nyonga aseme mapema, yeye ana njia nyingine.

Kwa ufuatiliaji wa titi, lete fishi yenyewe, yaani kadi yako ya hospitali (fotokopi hairuhusiwi), rapori ya biopsi na pakiti za dawa. Miaka 3 ya kwanza unaonwa kila miezi 3 hadi 6. Mwaka wa 4 na wa 5, kila miezi 6 hadi 12. Baadaye mara moja kwa mwaka. Titi lililobaki linapigwa mamografia (picha ya eksirei) kila mwaka. Ukikosa miadi mara mbili bila kuarifu, fishi inashuka arshivu na unaanza tena mapokezi. Malalamiko tumeyasikia, utaratibu haujabadilika.

Tamoksifeni, dawa ya kuzuia kansa ya titi isirudi, humezwa miaka 5 au zaidi, hata ukijisikia mzima. Haigawanywi na dada yako. Ukiona damu wakati hedhi ilishakoma, njoo wiki hiyohiyo: dawa hii huongeza kidogo hatari ya kansa ndani ya kizazi. Lakini usiiache mwenyewe.

Nyumbani wanakuambia ukae, ule bukari (ugali), unywe sukre (soda) "ili damu irudi". Kinachorudi ni kilo. Tembea, jumla ya dakika 150 kwa wiki. Kwenda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa miguu kunahesabiwa. Mkono wa upande uliopasuliwa nao ufanye kazi, polepole.

Na tafadhali, lutuku, pombe kali ya kienyeji, haisafishi damu. Pombe iko katika orodha ya visababishi vya kansa vilivyothibitishwa tangu 1988, na kileo cha chupa ni kilekile cha lutuku. Ukiniuliza kiasi cha pombe kisicho na hatari, sina cha kukuandikia.

Siku ya kupima kizazi usije ukiwa katika hedhi. Siku mbili kabla, usijioshe ndani kwa ndimu wala kwa sabuni, na bwana asubiri.