Pampu iliyochoka haiongezi mafuta, inayapunguza

Wiki iliyopita imeingia gerejini kwangu pikapu ya Land Cruiser, HZJ75 ya miaka ya 1990, injini 1HZ, inayoleta vitunguu Arusha kutoka Mang'ola, huko Karatu. Mwenye gari, mama mmoja wa sokoni, alishuka na pampu ya dizeli ndani ya kiroba. Pampu ya mtumba, ameshailipia. "Fundi, nifungie hii. Ya zamani imekwisha, gari inakula mafuta mpaka biashara inakufa." Dereva wake, kijana, alibaki amesimama getini. Baadaye nikaelewa kwa nini hakusogea: kabla ya kuilaumu pampu, mama alikuwa amemlaumu yeye kwamba ananyonya dizeli na kuuza njiani.

Huyu ni wa tatu mwezi huu kuniletea pampu mkononi. Wote watatu waliambiwa na fundi kwamba gari likila sana, pampu imechoka. Naomba niliandike hili mara moja, nimechoka kulirudia huku mikono ina grisi.

Pampu ya 1HZ ni ya mzunguko. Planja moja (kijipistoni kinachosukuma dizeli), hedi moja (kichwa cha pampu ambamo planja inachezea), mafuta yanagawiwa kwa silinda sita kwa zamu. Kinachoifanya isukume ni kubanana kwa planja na hedi. Ikilika, pale kati panaachia, na dizeli inayobanwa inarudi pembeni badala ya kwenda kwenye bomba la nozeli, kile kipulizio cha dizeli ndani ya injini. Sasa niambie, hapo nozeli inapata mafuta mengi zaidi au machache? Machache. Gari linakosa nguvu mlimani, na likiwa la moto haliwaki, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja kirahisi zaidi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likikataa kuwaka la moto, funika hedi ya pampu kwa kitambaa, mwagia maji baridi taratibu, subiri dakika chache, piga stata. Likiwaka, pampu imelika kweli. Lile la mama lilikuwa linawaka kwa nusu mzunguko, moto au baridi.

"Lakini fundi, mafuta yanayovuja mle ndani yanapotea." Hayapotei! Yanabaki ndani ya pampu, na yanayozidi yanarudi kwenye tenki kwa mpira wa ritani. Kinachopotea ni kile unachokiona kinadondoka. Hapo angalia sehemu moja ambayo wengi hawaiangalii: sili ya mbele ya pampu. Ikipasuka, dizeli inaingia kwenye kava la taimingi belti, haionekani chini kwa haraka, na inailoanisha belti mpaka inaoza. Nusa kava. Likinuka dizeli, usiendelee na safari.

Ipo njia pampu inaweza kuongeza ulaji, na sitaki kuificha. Ya kwanza, mtu amekaza skrubu ya mafuta ili gari "lichangamke". Hiyo haijachoka, imefunguliwa. Ya pili ni ya ndani zaidi: presha ya ndani ya pampu ndiyo inayosukuma advansi, yaani inawahisha kupuliza kadiri injini inavyozidi kuzunguka kwa kasi. Presha ikishuka, mafuta yanachelewa kuingia, yanaungua vibaya, na unakula zaidi kwa kazi ileile. Kitabu cha gari kinasema funga taimingi, yaani wakati wa kupuliza, kwa geji ya daila, kile kipimo cha mshale, basi. Nafunga kwa geji. Ila kwenye pampu iliyolika, kile kipimo ni cha kweli injini ikiwa imezimwa tu. Ikizunguka, advansi haifiki inapotakiwa. Hapo nasogeza pampu kidogo kwa sikio, na nakiri si mara zote nina uhakika nimeiacha mahali pake.

Nikamuuliza mama: linakula kiasi gani? Akajibu: "Zamani laki mbili ilinipeleka na kunirudisha, sasa hainirudishi." Mama, hiyo ni hesabu ya pesa, si ya mafuta. EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Arusha mjini si bei ya Karatu. Laki mbili ya Machi na laki mbili ya Juni ni lita tofauti. Na mshale wa dashibodi nao usiuamini, kwenye magari haya unashuka taratibu nusu ya juu na kuporomoka nusu ya chini.

Pima hivi. Jaza tenki mpaka bunduki ya sheli ikate, subiri povu la dizeli litulie, jaza tena mpaka uyaone mafuta shingoni. Andika kilomita. Tembea kazi yako ya kawaida, zisipungue 250. Rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likae upande uleule, jaza mpaka shingoni palepale. Gawa kilomita kwa lita. Fanya mara mbili, kwa sababu mara moja inadanganya.

Na hizo kilomita zenyewe zihakikishe. Gari lililotoka na tairi 205R16 ukalivisha 265/75R16, gurudumu limekuwa kubwa, linazunguka mara chache kwa umbali uleule. Kwa kila kilomita 100 za kweli, dashibodi inaandika kama 92. Umepoteza kilomita 8 kwenye karatasi bila kuchoma tone la ziada, na kuna kijana anaitwa mwizi kwa ajili hiyo. Linganisha na mawe ya kilomita barabarani au na simu. Hili linaniuma kuliko yote. Nimeona madereva watatu wakifukuzwa kazi kwa hesabu ya namna hii.

La mama lilikuwa na tairi zake halali. Tulipima na dereva mwenyewe, kwenda na kurudi Mang'ola: kilomita 5.8 kwa lita. Pikapu ya 1HZ yenye mzigo wa kiasi, mimi nategemea 7 hadi 8. Kwa hiyo mama hakukosea, gari lilikuwa linakula. Ila mdomo haukuwa pampu.

Nilifungua ea klina. Vumbi la njia ya Mang'ola unalijua, jeupe, laini kama unga wa muhogo. Niliingiza taa ndani ya filta na kutazama kwa nje: giza. Filta nzima ya lile gari ilipitisha mwanga sehemu ya ukubwa wa kiganja. Injini isiyo na tabo inavuta pumzi kwa nguvu yake yenyewe. Ukiibana, mafuta yaleyale yanakosa hewa na yanatoka moshi mweusi. Na usiipige filta kwenye jiwe, inapasuka karatasi. Puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, au nunua nyingine.

Nikanyanyua nyuma kwa jeki. Gurudumu la kushoto lilizunguka nusu na kusimama. Kile kikono cha hendibreki nyuma ya ngoma kilikuwa kimeganda kwa udongo, kimebaki kimevuta nusu. Dereva akasema rimu hiyo huwa inaunguza mkono akifika Karatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Halafu themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Haikuwepo. Mafundi wa huku wanaing'oa kama desturi, wakisema gari "lisichemshe". Jamani, injini ya dizeli inataka joto la karibu nyuzi 80. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na asubuhi ya Julai gari linashuka Monduli mpaka Makuyuni bado la baridi, linachoma mafuta kupasha maji yanayopoa kwenye rejeta. Na 1HZ inapuliza kwenye chumba kidogo pembeni, si moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo tayari inapoteza joto jingi kwenye maji kuliko injini za kupuliza moja kwa moja. Gari likichemsha, tafuta kwa nini linachemsha.

Nozeli nilizipima, zinafunguka karibu bar 150, zinapuliza ukungu, hazidondoshi. Nikazirudisha. Mafuta machafu nayo husingiziwa sana. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ndani ya mafuta, mwaka 2010, lakini hata mafuta ya taa kazi yake ni kuilisha pampu bila ulainisho mpaka ilike, na pampu ikilika tumeshasema inafanya nini.

Wa Moshi niwakumbushe jambo moja. Pampu iliyofunguliwa huko, chini ya mita 1,000, mpaka moshi "ukawa safi", ikipanda ukingo wa Ngorongoro kwenye mita 2,300 na zaidi inakutana na hewa pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, wakati pampu inatoa mafuta yaleyale. Gari litatoa moshi mweusi. Usimlaumu dereva, rudisha skrubu.

Filta mpya, kikono kimesafishwa na kupakwa grisi, themostati imerudi. Safari iliyofuata tukapima tena: 7.4. Pampu ya zamani iko palepale ilipokuwa. Ya kwenye kiroba mama ameirudisha kwa muuzaji, bado wanavutana kuhusu pesa. Kijana ndiye aliyeniletea kile kikaratasi cha lita, amekikunja mara nne kwenye mfuko wa shati, akaniomba nikipige muhuri wa gereji.