Kipindupindu: kwa nini chumvi haifiki bila sukari

Kipindupindu kinapotajwa, wengi humkumbuka daktari John Snow, aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba maji ya pampu ya Broad Street, London, ndiyo yaliyokuwa yakiua watu. Miaka 30 baadaye Robert Koch akathibitisha bakteria mwenyewe. Kwa aliyekwisha kuugua, hayo hayakutosha. Kinachomuua ni kuishiwa maji: akizidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele, macho yakizama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi.

Daktari Thomas Latta wa Uskoti aliliona hilo mapema, mwaka 1832, akaingiza maji ya chumvi kwenye mshipa. Mgonjwa wake wa kwanza alizinduka. Kuharisha kukaendelea, maji hayakuongezwa, akafa.

Mbona asinyweshwe tu? Kwa sababu sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo mwembamba kumwaga chumvi, na maji hufuata chumvi. Ukimpa maji ya chumvi matupu, mengi yatatoka yalivyoingia. Lakini seli hizo zina mlango mwingine, ambao sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) hupita ikiandamana na glukosi (aina ya sukari), na sumu haiugusi. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Kwangu mimi, ugunduzi huu haupewi heshima unayostahili.

Mwaka 1971, dripu zilipopungua katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Tangu 2002, pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi wa kuchanganya na lita moja ya maji, ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti ya sodiamu 2.9. Glukosi ilipunguzwa kutoka gramu 20, maana sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuharisha kunaongezeka. Ndiyo maana nasisitiza: usiongeze sukari eti mgonjwa apate nguvu. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi, hasa kwa mtoto, kwani sodiamu hupanda kwenye damu na kuleta degedege. Pakiti nzima iingie kwenye lita kamili ya maji safi. Usikisie nusu pakiti kwa glasi.

Pakiti ikikosekana, tumia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita moja. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu ya Ringer lakteti (maji yenye chumvi ya kuingizwa mshipani) bila kuchelewa: kwa aliyetimiza mwaka mmoja, mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Akiweza tu kumeza, aanze kunyweshwa dripu ikiwa bado inaenda.