Hati ya bima ya 1968 bado inaweza kulipia kusafisha maji ya ardhini

Kazi yangu ni kutafuta hati za bima ambazo wenyewe wanaamini zilishakufa. Wateja wangu wengi ni wamiliki wa majengo ya biashara huko Marekani, ambamo zamani mlikuwa na draiklina. Barua ikitoka idara ya mazingira ya jimbo kwamba kemikali imeonekana kwenye maji ya ardhini, humpigia simu wakala wao wa bima, naye huwajibu kwamba uchafuzi haulipiwi. Kwa hati ya mwaka huu yuko sahihi. Hati ya 1968 ni habari nyingine.

Kemikali yenyewe kwa kawaida ni tetrakloroethilini, perki kwa lugha ya mafundi. Ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haielei kama petroli: inazama, inapita kwenye nyufa za zege, kisha inayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji kwa miongo kadhaa. Kiwango cha juu ambacho serikali kuu inaruhusu katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita, hivyo perki kidogo tu huharibu maji mengi. Na kwa sheria ya 1980 iitwayo CERCLA, mmiliki wa sasa anaweza kudaiwa gharama za usafishaji hata kama yeye hakumwaga tone.

Bima za dhima, yaani zinazolipia madhara uliyowasababishia wengine, za wakati ule ziliandikwa kwa msingi wa tukio. Kinachoangaliwa ni lini madhara yalitokea. Dai linaweza kuja miaka hamsini baadaye. Perki iliyoanza kuingia kwenye maji mwaka 1965 iliyaharibu mwaka huo, na 1966, na kila mwaka uliofuata, ingawa kisima cha uchunguzi kimechimbwa juzi tu. Mwaka 1995, katika kesi ya Montrose, Mahakama ya Juu ya California ilikubali kwamba hati zote zilizokuwa hai wakati madhara yakiendelea zinaguswa, yaani zinaweza kudaiwa. Ndiyo maana natafuta mlolongo mzima wa miaka.

Miaka yenyewe hailingani thamani. Fomu ya 1966, yaani maneno ya kawaida ya hati yaliyotumiwa na kampuni nyingi, ilitaja waziwazi madhara yanayojijenga polepole. Kuanzia 1970, na rasmi katika fomu ya 1973, kampuni zilianza kukataa uchafuzi isipokuwa ule wa ghafla na wa ajali, na majimbo hadi leo hayasomi kipengele hicho kwa namna moja. Mwaka 1986 kikaja kipengele cha kukataa uchafuzi kabisa. Indiana ina msimamo wake: tangu kesi ya Kiger ya 1996, mahakama za huko zimeona maneno ya kipengele hicho yana utata mno kumnyima mwenye bima, kwa hiyo huko hata hati za baada ya 1986 nazitafuta.

Maji ya ardhini ndiyo yanayoamua mengi. Hati hizi hazilipii uharibifu wa mali ya mwenye bima mwenyewe, na udongo ulio chini ya duka ni wake. Maji, katika majimbo mengi, ni ya umma, tena yanatembea kuelekea kwa jirani. Ripoti ya mhandisi inayoishia kwenye udongo hunipa taabu. Jedwali moja la sampuli za kisima hubadilisha mazungumzo yote.

Watu wakiona kikomo cha malipo cha dola 50,000 hukata tamaa. Mapema mno! Katika hati za msingi za enzi hizo, gharama za utetezi hulipwa nje ya kikomo, na wajibu wa kampuni wa kumtetea mwenye bima huanza pale tu dai linapoonekana linaweza kuangukia ndani ya bima. Mwanasheria, visima, maabara: sehemu kubwa ya hayo inaweza kuhesabiwa utetezi, wakati usafishaji wenyewe huhesabiwa fidia. Kubishania gharama ipi iende upande upi huchukua miezi. California ni kali hapa. Tangu 1998, amri ya idara peke yake haihesabiki kuwa kesi mahakamani, hivyo haiamshi wajibu huo.

Sasa, hati iko wapi? Mara chache sana utaikuta kwenye kabati. Naanza na vitabu vya hesabu na hundi za zamani, kisha faili za dalali wa bima, za benki iliyokopesha, na za mwenye jengo, ambako mpangaji huenda aliacha cheti cha bima: ukurasa mmoja wenye jina la kampuni, namba ya hati, tarehe na vikomo. Ninachokipenda kuliko vyote ni hati ya bima ya ziada, ile inayokaa juu ya hati ya msingi, maana ina jedwali la hati zilizo chini yake. Ya msingi imepotea, lakini namba yake imeandikwa pale. Masharti yake huthibitishwa kwa fomu za kawaida za mwaka husika, kwa kuwa kampuni nyingi zilitumia maneno yaleyale. Baada ya hapo namtafuta mrithi wa kampuni, kwani nyingi zimebadili majina, zimeungana au zimefilisika.

Ukiipata, toa taarifa kwa kampuni kabla ya kumlipa mkandarasi. Fedha ulizotumia kwa hiari yako kabla ya taarifa, kampuni itakataa kuzirudisha, na mara nyingi mahakama huiunga mkono.

Baadaye huenda kampuni ikataka kuinunua hati: inalipa mara moja, hati inafutwa. Bei huwa inavutia. Mimi kwanza huangalia kama mkataba unaiachilia kampuni kwa eneo hili tu au kwa kila dai, popote. Mwenye majengo matatu akisaini huo wa pili, mengine mawili yamebaki bila bima ya miaka ile, na huenda hata hayajapimwa.