Pongo Mtafute Ukingoni mwa Msitu

Wengi wanaofika Serengeti Ndogo, uwanda wa majani ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, hutazama katikati waliko nyati. Anayemtaka pongo, swala wa vichakani, atazame pembeni, pale nyasi zinapokutana na vichaka, kabla jua halijapanda.

Pongo si mla nyasi hasa. Chakula chake ni majani ya vichaka, machipukizi na matunda yaliyodondoka. Kwenye msitu mzito miti mirefu huziba jua, na chini hubaki machache ya kufikiwa na mdomo wake. Ukingoni mwanga hupenya, vichaka hustawi. Tena pongo huishi peke yake. Hana kundi la kumwangalilia chui, kwa hiyo kinga yake ni maficho yaliyo hatua chache kutoka anapokula. Hata mtoto wake hufichwa kichakani, mama akaenda malishoni na kurudi kumnyonyesha.

Ukifanya doria au sensa, fuata ukingo polepole, upepo ukikupiga usoni. Tafuta nyayo ndogo za kwato mbili zilizochongoka, na vijia vinavyopenya vichakani. Kagua pia ncha za matawi: pongo hana meno ya mbele ya juu, hivyo huacha ncha iliyochanika, ilhali sungura huikata kama kwa kisu. Ukisikia mbweko kama wa mbwa, amekwisha kukuona.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye hesabu. Mtu anahesabu pongo ukingoni, kisha anazidisha kwa hekta za msitu mzima. Anapata pongo wasiokuwepo. Ukiona 6 katika kilomita 2 za ukingo, andika 3 kwa kila kilomita ya ukingo, basi. Wala asitokee wa kusema tukate msitu vipande ili kingo ziongezeke. Minde, swala wa msituni ambaye hapatikani nje ya Tanzania, anahitaji msitu uliofungamana, na kila njia mpya inayokatwa humpunguzia makazi.

Majangili nao wanaujua ukingo. Mitego ya nyaya hutegwa kwenye vijia vilevile, ikiwa imefungwa kwenye miti midogo, usawa wa shingo ya mnyama. Ukiuona mmoja, simama utazame kulia na kushoto, kwa kuwa aghalabu hutegwa kwa mstari. Kisha mjulishe askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.