Elimu kwa Umma: Kabla hujawasha mashine ya leza kwenye karakana yako Tabora

Mafundi wa nembo na mapambo hapa Tabora wameanza kununua mashine ndogo za leza, na kazi zao zinapendeza. Ubao wa mninga ukichorwa kwa leza unavutia kweli. Walimu wa fizikia nao wanazitumia kwa majaribio na wanafunzi. Hatuna nia ya kuzuia ubunifu huo, lakini katika kaguzi zetu za OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, makosa tunayoyakuta ni yaleyale.

Kubwa ni macho. Leza za mwanga wa buluu hutoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 445 hadi 455, nyingi kwa nguvu ya wati 5 hadi 20. Leza inayozidi nusu wati ni ya Daraja la 4, la juu kabisa katika viwango vya kimataifa. Jicho huchukua kama robo sekunde kupepesa, na kwa nguvu hiyo retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa imeshaungua. Kule Ng'ambo, hapa hapa Tabora, nilimkuta kijana amevaa miwani ya kuchomelea. Kwa sababu ni nyeusi, kila mchoro ulipofika kwenye kona aliipandisha kwenye paji la uso, akainama karibu kabisa na ule mwanga. Nilipomsimamisha akaniuliza, "Mkaguzi, mbona haiumi?" Retina haina hisia ya maumivu. Kutoumia si dalili ya usalama, na naomba hoja hii tusiirudie tena. Miwani sahihi imeandikwa namba za nanomita inazozuia. Mashine ya bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dayoksaidi inatumia nanomita 10,600, miale isiyoonekana kabisa, na miwani yake ni nyingine. Ya jua haimo katika mazungumzo haya.

Kuna moshi pia. Vipande vya dari la PVC na reksini, ambayo mara nyingi nayo ni PVC, visikatwe kwa leza hata siku moja. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa pua na mapafu hugeuka asidi, na hula reli na lenzi za mashine yako. Huna uhakika na plastiki uliyonayo? Toka nje, shika waya wa shaba uliomenywa kwa koleo, uchome hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini: weka kando. Na dirisha wazi halitoshi; funga feni ya kuvuta yenye bomba la kutolea moshi nje.

Wengi hutuambia, "Mimi nafanyia nyumbani, OSHA hainihusu." Inakuhusu. Ukiajiri hata msaidizi mmoja, hicho chumba cha uani ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe. Unawasilisha maombi yanayoonyesha shughuli, mitambo na idadi ya wafanyakazi, kisha mkaguzi anakuja. Akikuta kasoro, hutoa notisi ya maboresho yenye muda wa kurekebisha. Akikuta hatari ya papo hapo, hutoa notisi ya katazo, na mashine haiwashwi mpaka notisi iondolewe. Anayepuuza notisi hushtakiwa, na anayemzuia mkaguzi kuingia ametenda kosa jingine tofauti. Tafadhali msitufungie mlango.

Mashine za bomba la kioo zina umeme wa zaidi ya volti 10,000 ndani, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa. Hakikisha waya wa ethi umeunganishwa kweli, usiwe umening'inizwa tu.

Wala usiiache mashine ikifanya kazi ukaenda kunywa chai. Ubao hushika moto kwa sekunde chache. Weka kizimamoto mahali unapoweza kukifikia bila kuipita mashine. Moto ukishika chomoa umeme kwanza, na ukikushinda toka nje upige 114.