Kahawa ya Masaka katika utandawazi uliobadili mwendo

Swali ninaloulizwa mara nyingi, nikiwa mchumi ninayefuatilia biashara ya nje ya Uganda, ni kama utandawazi umefikia mwisho. Naamini haujafika huko. Mwendo wake umepungua na masharti yake yamegeuka. Tangu miaka ya 1990, na hasa baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, biashara kati ya nchi ilikua haraka kuliko uzalishaji wenyewe, hata ikafikia takriban asilimia 60 ya pato la dunia mwaka 2008. Tangu msukosuko wa fedha wa mwaka huo, kiwango hicho kimekuwa kikishuka na kupanda palepale.

Kwetu mageuko hayo yanaonekana wazi zaidi katika kahawa. Mgao wa kimataifa wa mauzo, uliopangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje, ulipovunjika mwaka 1989, na serikali ikaondoa ukiritimba wa bodi ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mnunuzi wa Ulaya aliuliza unyevu wa punje, ukubwa wake na bei. Leo anauliza pia kahawa imetoka shamba lipi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kahawa ya ardhi ambayo msitu wake ulifyekwa baada ya 31 Desemba 2020, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, wasafirishaji wetu hawawezi kukaa wakingoja, kwa sababu Ulaya ndiyo soko letu kubwa kuliko yote.

Huko Masaka nilimkuta karani wa ushirika amesimama katikati ya migomba na mibuni, simu mkononi, akingoja setilaiti impe namba za mahali shamba lilipo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya mahali inatosha. Namba hizo aliziandika daftarini kando ya kilo za kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa.

Ugumu unaanzia kinuni, kahawa inapokobolewa. Kiboko cha wakulima wengi humwagwa katika lundo moja, na shamba moja lisilo na namba linatosha kuharibu shehena nzima. Kutenganisha kunadai ghala, magunia na siku za ziada. Naunga mkono ulinzi wa misitu kwa moyo wote. Ninachokipinga ni gharama hiyo kuteremshwa ngazi kwa ngazi hadi kwa mkulima, ambaye hana sauti katika kupanga bei.

Wapo wanaoshauri tugeukie masoko ya jirani, hasa baada ya Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa saruji, maziwa na mahindi nakubaliana nao. Kwa kahawa, majirani zetu wengi nao ni wakulima wake.

Jioni ile karani alikuwa amemaliza mashamba 11. Daftari lake lilikuwa na majina zaidi ya 300.