Utamaduni wa kazini: maana yake hasa ni nini?

Ukimuuliza mtu wa Nairobi kazini kwake kukoje, hatakusomea maono na dhamira ya kampuni. Atakwambia, "Kwetu ukichelewa dakika 10 kwa sababu ya msongamano wa Thika Road unaandikiwa barua, lakini bosi akiitisha mkutano wa saa tatu anaingia saa nne na hakuna anayeguna." Au: "Kwetu mshahara huingia tarehe 28, iwe mvua iwe jua." Au atanyamaza kidogo, acheke, kisha aseme, "Tunashukuru Mungu, kazi iko." Majibu yote matatu yanaeleza utamaduni wa kazini, na sidhani lile la tatu linaeleza machache kuliko mengine. Hapa nataka kueleza utamaduni huo ni nini, na unavyovutia au kuwapoteza wafanyakazi wenye ari.

Utamaduni wa kazini ni yale ambayo watu wa mahali pamoja wamezoea kuyatenda, kuyatarajia na kuyanyamazia, hata hayahitaji kuandikwa. Mgeni huyajua ndani ya wiki mbili. Anajua nani huketi na nani wakati wa chai ya saa nne, ni swali gani haliulizwi mbele ya meneja, na kama kuondoka saa kumi na moja kamili ni haki yake au ni utovu wa adabu. Hakuna aliyemfundisha. Ameona tu nani alitazamwa vibaya na nani alisamehewa.

Watu wengi huuchanganya na mazingira ya kazi: viti, mwanga, choo safi, intaneti inayofanya kazi. Hivyo vina umuhimu wake, lakini vinanunuliwa kwa siku moja. Mazoea hayana duka.

Msomi mmoja ambaye maneno yake hutumiwa sana katika jambo hili ni Edgar Schein, aliyefundisha katika chuo cha MIT, Marekani. Katika miaka ya 1980 alieleza kwamba utamaduni wa shirika una tabaka tatu. La juu ni la macho: mavazi, mpangilio wa meza, nani anaitwa kwa jina na nani kwa cheo. La pili ni la maneno, yaani yale ambayo shirika linasema linayathamini. La chini kabisa ni yale watu wanayoyaamini bila hata kujua kwamba wanayaamini. Chukua ofisi moja ya kuwaziwa pale Upper Hill. Kuta ni za vioo, meneja anaonekana na kila mtu. Ukutani kumeandikwa kwamba mlango wake uko wazi wakati wote. Lakini kila mfanyakazi anamkumbuka dada mmoja aliyeingia kwa mlango huo na malalamiko, na tangu siku hiyo hakupewa kazi yoyote ya maana. Basi mlango uko wazi kweli, na hakuna anayeupita. Ukitaka kujua utamaduni wa mahali hapo, tabaka mbili za kwanza zitakudanganya.

Sasa tuje kwa wafanyakazi wenye ari, maana kila mwajiri anasema anawatafuta. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Neno "motisha" siku hizi limekaribia kuwa bahasha: bonasi ya Desemba, vocha ya kununulia unga na mafuta, cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi. Hutoka nje na humjia mtu. Ari iko ndani. Nalo neno ninalolipenda kuliko yote ni "kujituma". Mtumwa ni yule anayetumwa na mwingine. Anayejituma ndiye mtumaji na ndiye mtumwa. Hangoji sauti ya mtu.

Na watu wengi huja kazini tayari wanajituma. Mtazame mwanagenzi siku yake ya kwanza. Ameamka saa kumi alfajiri huko Kitengela, shati limepigwa pasi hadi mikono, ana daftari jipya na kalamu mbili iwapo moja itakataa kuandika. Hakuna aliyempa bahasha. Swali la kujiuliza ni nini kimemtokea hadi kufikia mwezi wake wa sita kazini, yuko pale pale mezani akihesabu dakika za kwenda nyumbani.

Mwaka 1990 William Kahn, mtafiti wa Marekani, alichapisha kazi yake kuhusu jambo hili baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa kambi moja ya vijana na wa kampuni moja ya wasanifu majengo. Aliona kwamba mtu hujitia mzima katika kazi pale anapoona mambo matatu: kwamba kazi ina maana, kwamba ni salama kwake kujionyesha alivyo, na kwamba amebakiwa na nguvu za kuifanya. La tatu linadharauliwa sana Nairobi. Mtu aliyepanda matatu mbili kutoka Rongai, akasimama nusu ya safari, akalipa nauli iliyopanda kwa sababu ya mvua, anafika kazini akiwa amekwisha kufanya kazi. Bosi mwenye gari lake humwona amepoa na kudhani ni mvivu. Tangu mwaka 2020, corona ilipotufungia majumbani, ofisi nyingi ziligundua kwamba kuna kazi zinazoweza kufanyiwa nyumbani siku moja au mbili kwa wiki. Zilizoendelea na mpango huo zimewapa watu wao kitu ambacho nyongeza ndogo ya mshahara haikipi.

Kuhusu mshahara wenyewe, sitaki kupiga porojo kwamba pesa si kitu. Kodi ya nyumba nyingi za Nairobi hutakiwa kabla ya tarehe 5, na mwenye nyumba wa Umoja hataki kuelezwa kwamba wateja wa kampuni yenu hawajalipa. Mwaka 1959 Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh nchini humo. Walidai kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayompa furaha ni mafungu mawili tofauti. Mshahara, usimamizi na kanuni vikiwa vibaya humkera. Vikiwa vizuri humwondolea kero tu. Furaha hutoka kwenye kazi yenyewe, kufanikiwa, kutambuliwa, kupewa wajibu. Wengine wamezikosoa mbinu zao, na haki yao, lakini kwa mshahara unaochelewa nadhani waliona sawasawa. Kulipwa kwa wakati hakumfanyi mtu aipende kazi. Kucheleweshewa miezi mitatu mfululizo kunatosha kumfanya aichukie, na hapo hakuna hotuba itakayomrudisha.

Jambo la pili la Kahn, usalama, ndilo nililoliona kwa macho yangu. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni ndogo ya uchapishaji upande wa River Road. Siku moja tulipokea kazi ya kadi 300 za harusi. Aliyepanga maandishi aliandika "Jumamosi tarehe 14", na tarehe 14 ya mwezi ule ilikuwa Jumapili. Kadi zikapita kwa mpangaji, kwa mwendesha mashine, zikafika kwa kijana wa kukata karatasi. Akazikata zote, mia tatu, kingo zimenyooka kama wembe, akazifunga kwa mafungu ya hamsini hamsini. Mama ya bibi harusi alipokuja kuzichukua alisoma ya juu, akaketi kwenye boksi la karatasi bila kusema neno. Baadaye nilimuuliza yule kijana kama hakuiona ile tarehe. "Niliiona," akaniambia. "Lakini mwezi uliopita nilisema kuhusu herufi iliyokosewa, nikaambiwa kazi yangu ni kukata, si kusoma."

Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amejifunza utamaduni wa mahali petu, na alijifunza vizuri.

Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliona jambo kama hilo katika miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini Marekani. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo yake yakawa kwamba timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Kule kwingine watu waliyafukia makosa. Mwaka 1999 akaandika kuhusu hali hiyo, ambayo wataalamu huiita usalama wa kisaikolojia. Mimi ningeiita usalama wa kusema.

Kwetu River Road mambo yalibadilika alipokuja msimamizi mpya. Aliweka utaratibu mmoja tu: kila anayeshika kazi aisome nakala ya kwanza na kutia herufi mbili za jina lake pembeni, hata anayekata. Utaratibu wenyewe si kitu, kila kampuni ina fomu. Kilichotushangaza kilikuja kama wiki tatu baadaye. Yule kijana alisimamisha kazi kwa sababu jina la bwana harusi limeandikwa "Jhon". Mashine ikanyamaza, mteja akapigiwa simu, tukasubiri karibu nusu saa. Kumbe ndivyo jina lilivyo kwenye kitambulisho. Wengine wakaanza kucheka. Msimamizi akasema, "Sawa, umefanya vizuri. Ukiona tena, simamisha." Akarudi kwenye meza yake. Nadhani utamaduni wa ile karakana ulibadilika asubuhi ile, kwa sababu kijana alisimamisha mashine bure na hakuadhibiwa.

Kuna jambo jingine la Nairobi lisilofaa kusahauliwa: lugha. Mkutano unaanza kwa Kiingereza, unaingia Kiswahili, kisha watu wawili watatu wanahamia lugha ya nyumbani kwao, wanacheka, wanaamua, na wengine wanatazama simu. Huenda hawana nia mbaya. Lakini asiyeijua lugha ile ametoka kwenye mkutano akiwa bado kwenye kiti. Akija kuona nafasi za juu zinakwenda kwa wanaoelewa vichekesho vile, ari yake inakwisha, hata kama ni kweli kwamba walistahili.

Sheria nayo ina mahali pake, ingawa ni sakafu tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka na siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na kifungu cha 41 kinasema mtu asifutwe kwa makosa au kwa utendaji duni kabla ya kusikilizwa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kampuni inaweza kuyatimiza hayo yote kwenye karatasi. Pima kwa likizo: mtu akiwa kwao Bungoma kwa siku zake 10, simu ya ofisi inampigia mara ngapi? Na akirudi, anapokewa kama aliyepumzika au kama aliyetoroka?

"Hapa sisi ni familia." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na karibu kila mara ilitangulia ombi la kuja Jumamosi bila ovataimu. Familia haikuandikii barua ya onyo. Safari ya Naivasha ya mara moja kwa mwaka, fulana za rangi moja, kuvuta kamba, nyama choma, ni jambo jema na mimi sijawahi kukataa nyama. Ila kila ofisi ina yule muuzaji anayeleta pesa nyingi na kuwatukana wenzake. Akipandishwa cheo Jumatatu, fulana za Naivasha zinabaki za kulalia.

Kuhusu kuvutia watu wazuri, sina mengi, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na wafanyakazi wenyewe, hasa walioondoka. Tangazo likitoka, mtu mwenye ari haanzi kwa kutuma maombi. Anauliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha waliosoma naye: "Kuna mtu amewahi kufanya kazi hapo?" Jibu huja kabla chai haijapoa. Ndiyo maana namna ya kumuaga mtu ina uzito kuliko namna ya kumkaribisha. Cheti cha utumishi ni haki yake chini ya kifungu cha 51 cha sheria ile ile, lakini kuna ofisi zinazomzungusha mtu miezi kwa karatasi hiyo moja, kisha zinashangaa kwa nini maombi yanayokuja ni ya waliokosa kazi kwingine.

Ukiitwa mahojiano, fika nusu saa mapema na ukae mapokezi. Tazama kama anayepiga deki anaitwa kwa jina. Sikiliza simu zinavyopokelewa mkubwa akiwa hayupo. Ndani, waulize aliyekuwa na kazi hii aliondoka kwa nini, kisha tazama nani anamtazama nani kabla ya kujibu. Ukitoka, msalimie soja wa getini na umuulize kama watu hukaa. Mimi niliwahi kumuuliza mmoja, upande wa Industrial Area. Alikifungua kitabu cha wageni, akarudisha kurasa mbili tatu, akanionyesha kwa kidole: mahojiano, mahojiano, mahojiano, nafasi ile ile, tangu Januari.